Ukoko wa Ña Deolinda

"Wifi, mbona umesimama juani kama mdai? Piga makofi tukusikie!"

Zunilda alikuwa amemwona kupitia nondo za geti. Nimia alikuwa pale kitambo, viganja vimeinuliwa tayari kupiga makofi ya hodi, na makofi yenyewe hayaji.

"Nilikuwa nafunga kiatu," alisema.

Zunilda akatazama miguu yake. "Hicho kiatu hakina kamba, wifi." Akacheka, akafungua geti, akamvuta ndani kwa mkono. "Ingia. Kaka anakuuliza tangu mikate ya chipa imeingia tanurini. Na mama mkubwa leo kaamka na ulimi wake wote, kwa hiyo jikaze."

Nimia alijikaza. Njia nzima kutoka jijini Asunción mpaka mji mdogo wa Itá, kwenye basi, alikuwa akijipangia maneno. Atamwita Derlis pembeni kabla ya sala. Atamwambia yote, bila kuzunguka. Akikasirika, akasirike mapema, ndugu hawajajaa. Ni ahadi aliyokuwa amejipa wiki iliyopita pia, na ile iliyotangulia, na zote zilimfia mdomoni. Leo hakukuwa na kesho ya kusukumia.

Ilikuwa siku ya kutimiza mwaka tangu afariki Ña Deolinda, yaani Bi Deolinda kwa lugha ya huko, mama yao Derlis na Zunilda. Sala ingesomwa, chakula kingeliwa, nguo nyeusi zingevuliwa, na baada ya hapo Derlis alikuwa na jambo la kuwaambia ndugu zake. Jambo lenyewe ni Nimia. Walipendana Derlis akiwa ndani ya nguo za msiba, na kwao nyumba yenye msiba haitajiwi harusi. Zunilda peke yake ndiye aliyekuwa amemwita wifi bila kusubiri ruhusa ya mtu. Leo ruhusa ilikuwa inatolewa, na mwenye kupewa alikuwa bado hajasema lake.

Derlis alikuwa kando ya tanuri la udongo, shati jeusi limemganda mgongoni kwa joto la Oktoba. Kazi yake kutengeneza mafriji, na friji la nyumbani kwao lilikuwa likinguruma kama mgonjwa wa pumu. Ndugu zake walimtania kwa hilo kila Jumapili. Alipomwona Nimia aliweka koleo chini. Hakumbusu, kwa heshima ya wazee, lakini alimtazama kwa namna ambayo mbele ya wazee ilikuwa mbaya kuliko busu.

"Njoo huku nyuma," alinong'ona. "Nina kitu cha kukuambia."

Wakasimama kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Na mimi ninacho," alisema Nimia.

"Basi anza."

"Hapana, anza wewe."

Ah, Nimia! Laiti angeanza yeye. Lakini mtu mwenye hatia hupenda sana kumpisha mwenzake.

"Juzi nilikuwa Luque," alisema Derlis, "kwa mama mmoja ambaye friji lake haligandishi. Nimelala chini nyuma ya friji, tochi mdomoni, mara nasikia..." Alisita. "Utaniona mwendawazimu."

"Siwezi kukuona hivyo."

"Nikasikia maneno ya mama, yale ya kuniaga. Yote, Nimi. Kuanzia mwanzo hadi mwisho, vilevile. Yanatoka sebuleni! Nikagonga kichwa kwenye bomba, hebu tazama." Akainama, akamwonyesha alama katikati ya nywele. "Nikatoka mbio, sebuleni hamna mtu. Watoto wameshakimbia na simu yao. Mwenye nyumba ananiambia ni mchezo. Mchezo wa simu, kwa Kiguarani chetu, watoto wote siku hizi wanao."

Nimia alishika ukingo wa tangi.

"Nikakaa palepale kwenye sakafu ya watu, nikalia. Yule mama akadhani friji limenishinda." Alicheka, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Mwaka mzima nimekuwa nikijiambia kwamba nilimwacha mama afe peke yake. Sasa nikawaza, labda yupo mama mwingine mahali fulani, anamwambia mwanawe vilevile, mtu akasikia, akayaweka humo. Yaani mama hakuwa peke yake. Sijui kama unanielewa."

"Nakuelewa."

"Wewe uko kwenye kazi hizo za kufasiri. Huujui mchezo huo?"

Hapo ndipo pa kusema. Alikuwa ameulizwa wazi, na aliyemuuliza alikuwa amemshika mkono, ana furaha usoni ambayo Nimia hakuwahi kuiona tangu amjue. Alifungua mdomo.

"Michezo ni mingi, Derlis," alisema.

"Ni kweli. Nawe ulitaka kuniambia nini?"

"Kwamba nimekukumbuka sana."

Derlis akambusu kwenye paji la uso, haraka, wazee wasione. Nimia alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na lile tangi.

Maneno yenyewe yalikuwa haya. Siku Derlis anaondoka kwenda Buenos Aires kutafuta kazi, Ña Deolinda alisimama getini na mwiko mkononi, akamwambia: "Nenda, mwanangu, ila usishibe huko. Ukoko ni wako." Ukoko wa mbaipy, ugali wa mahindi na jibini, ule ulioungulia chini ya sufuria, ndio watoto wa nyumba hiyo walioupigania tangu wakiwa wadogo, na mama alikuwa akimfichia Derlis. Hakurudi kuula. Homa ilimchukua mama ghafla, na Derlis aliposhuka kwenye basi la kutoka Argentina, kaburi lilikuwa limeshafunikwa.

Alimsimulia Nimia hayo siku moja wamekaa kwenye benchi la stendi ya Asunción, na ilimchukua muda mrefu kuyatoa. Tangu hapo, kila walipoagana, alimwambia hivyohivyo, akiweka jina lake: "Nenda, Nimi, ila usishibe huko. Ukoko ni wako." Wengine husema nakupenda. Derlis hakuwahi kulisema neno hilo, na Nimia hakuwahi kulidai.

Kisha ikaja kazi. Kampuni moja ya pale Asunción ilikuwa inautia mchezo uitwao Mito Saba katika Kiguarani, na mkuu wa kazi aliwaimbia wafasiri wimbo mmoja tu: "Nataka Kiguarani kinachonuka moshi wa jikoni. Cha vitabuni sikitaki!" Nimia alikatazwa kumtajia mtu yeyote jina la mchezo mpaka utoke. Wafasiri wenyewe hawakuonyeshwa huo mchezo. Walipewa jedwali, Kihispania upande huu, nafasi tupu upande ule, basi. Nani anasema, amesimama wapi, ana sura gani, ukisie mwenyewe. Siku hiyo Nimia alikuta mistari miwili imefuatana: Mwanangu, unaondoka tayari? Na chini yake: Nenda salama, urudi tena.

Alimwona mama, amesimama getini. Alijaribu maneno ya kawaida, yote yakamlegea. Nyumbani kwao Nimia, Kiguarani kilikuwa marufuku. Mama yake alimchapa kibao cha mdomo kwa neno moja tu, akisema hiyo ni lugha ya shamba. Alijifunza ukubwani, darasani, na Kiguarani cha darasani hakina jiko. Jiko pekee alilokuwa nalo lilikuwa la Ña Deolinda, mwanamke aliyemjua kwa masimulizi ya mwanawe. Basi akachukua humo. Akayaandika, akayasoma kwa sauti, akafuta machozi, akaona amemtendea haki yule mama asiyemwona.

Mchezo ulipotoka ndipo alipomwona mwenye kuyasema. Hakuwa mama. Alikuwa Karai Yryvu, Bwana Tumbusi, ndege mla mizoga mwenye jino la dhahabu, muuza duka mlaghai anayewauzia wasafiri majoho ya ponchi yaliyotoboka na kumwita kila mteja mwanangu. Mchekeshaji aliyemtilia sauti alikuwa amelikwaruza koo makusudi. Nimia alimkimbilia mkuu wa kazi kuomba ule mstari ubadilishwe.

"Ubadilishwe?" mkuu aliangua kicheko. "Huo ndio unaopendwa kuliko yote! Tunachapisha fulana!"

Derlis alipomuuliza kuhusu kazi yake, Nimia alisema mchezo bado haujatoka. Ulikuwa uongo mdogo siku ya kwanza. Siku zilivyokwenda ukanenepa.

Sala ilisomwa. Mishumaa ilizimwa, kitambaa cheusi kikashushwa ukutani na kukunjwa, na Derlis akaenda chumbani akarudi amevaa shati jeupe. Ndugu wakakaa kwenye meza ndefu uani. Mbaipy ikaletwa ndani ya sufuria yake kubwa.

"Binti wa mjini," alisema Ña Sinforiana, dada mkubwa wa marehemu, akimtazama Nimia kutoka upande wa pili wa meza. "Sahani yako nzima vilevile. Au chakula chetu kina jibini nyingi mno kwako?"

"Kizuri sana, Ña Sinforiana. Ni tumbo tu."

"Tumbo la mjini hilo. Wa hapa Itá tunawajua, hawana matumbo ya namna hiyo."

"Mama mkubwa, mwache ale taratibu," alisema Derlis.

"Nimemshika mkono? Ale." Akamega chipa. "Mimi nasema tu. Mwanamume akitaka mke, aangalie kwanza anavyokula kwao."

Zunilda alimkanyaga Nimia mguu chini ya meza, kumpa moyo. Derlis akasimama na glasi mkononi. Alimtazama Nimia, na watu wote waliona alivyomtazama.

"Nina mambo mawili," alisema. "La pili mtalipenda, isipokuwa mama mkubwa."

Watu wakacheka. Ña Sinforiana akacheka pia, kwa shida.

"Lakini la kwanza ni zawadi." Akawaeleza yote, friji la Luque, bomba, sakafu ya watu. Wanawake wawili watatu walishika leso. Alipoyatamka maneno ya mama, sauti ilimkatika, na kabla hajaendelea, binamu yake Eulalio akapiga meza.

"Nayajua hayo! Huyo si Karai Yryvu?" Eulalio alikuwa baba wa watoto wanne, ana kitambi cha kuheshimika, na bado alicheza michezo ya simu hata kanisani. "Subiri, subiri. Ninao hapa."

"Eulalio," alisema Nimia. Sauti ilitoka ndogo mno. "Usi..."

Eulalio alikuwa ameshaiinua simu juu, waone wote. Tumbusi akatokea kwenye kioo, akapokea sarafu za mteja, akazing'ata kwa jino la dhahabu, akakwaruza koo: "Nenda, mwanangu, ila usishibe huko. Ukoko ni wako!" Kisha akacheua.

Vijana wakaangua kicheko. Eulalio alicheka mpaka kitambi kikatikisika. Halafu mmoja akamwona Ña Sinforiana na kunyamaza, mwingine akamwona Derlis na kunyamaza, mpaka Eulalio akajikuta anacheka peke yake, naye akaacha.

"Ndiye huyo?" aliuliza Derlis. Glasi ilikuwa bado mkononi. "Ndiye anayesema?"

"Ni... ni mchezo tu, ndugu yangu. Muuza duka."

"Hakuna mama mwingine," alisema Ña Sinforiana. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Usijidanganye, mwanangu. Nilikuwepo getini. Deolinda aliyatunga palepale, kwa kuwa aliogopa kulia mbele yako. Tulikuwa wanne. Yeye, wewe, mimi na Zunilda. Mimi simu naijua kwa kupokea tu."

Macho yote yakamgeukia Zunilda.

"Zuni," alisema Derlis.

"Mimi? Kaka, naapa kwa Bikira wa Caacupé!"

"Ulirusha picha ya jeneza la mama kwenye simu za watu wote. Nikakusamehe."

"Nilikosea, nikaomba radhi! Lakini hili siyo mimi!"

"Ulimsimulia nani? Walikulipa? Umewauzia hata mdomo wake, Zuni?"

"Sikuuza kitu!" Zunilda alikuwa analia sasa, machozi na kamasi, kama mtoto. Akageuka, akamshika Nimia bega. "Wifi, mwambie! Wewe unanijua. Mwambie kaka kwamba siwezi kufanya hivyo!"

Angeweza kusema, "Zunilda hawezi," kisha akae kimya. Mzozo ungepoa, ndugu hupatana, na harusi ingetangazwa Jumapili nyingine. Wazo hilo lilipita kichwani mwake likiwa limekamilika, na Nimia alijiogopa kwa jinsi lilivyokuja upesi. Akasimama.

"Siyo yeye. Ni mimi."

"Wewe nini?" aliuliza Derlis.

"Mchezo ule nimeufasiri mimi. Hatuonyeshwi picha. Nilidhani ni mama anayesema, nilidhani..." Alisikia alivyokuwa anajitetea, akaacha. "Niliyachukua kwako, Derlis. Bila kukuomba."

"Uliniambia mchezo wako haujatoka."

"Nilikudanganya."

"Leo nimekuuliza pale tangini. Nimekuonyesha mpaka kichwa changu."

"Nilikudanganya na pale."

Hakuna aliyegusa chakula. Mara simu ya Eulalio, aliyokuwa ameificha chini ya meza, ikakwaruza tena: "...ila usishibe huko. Ukoko ni wako!" Eulalio aliibonyeza huku na huku kama inayomchoma, na tumbusi akacheua kabla hajazimika.

Zunilda aliondoa mkono wake begani mwa Nimia. "Ulikuwa unaniangalia nikitukanwa?"

"Ndiyo," alisema Nimia. "Kwa kitambo."

"Sawa, Nimia," alisema Zunilda, na hakumwita wifi.

Nimia alimtazama Ña Sinforiana, akisubiri kusutwa. Ilikuwa haki yake. Lakini mama yule mzee alikuwa ameshika kile kitambaa cheusi kilichokunjwa, anakilainisha kwa kiganja.

"Nilimwomba Mungu ampe Derlis sababu ya kukuacha," alisema taratibu. "Sikuomba hii."

Derlis alimsindikiza Nimia. Hata siku ile hakumwacha mgeni atoke peke yake. Walitembea mpaka getini bila kugusana, shati lake jeupe likiwa na mikunjo ya kabatini.

"Niseme nini?" aliuliza Nimia. "Niambie niseme nini, nitasema."

"Sijui."

"Nitaacha kazi."

"Uache, halafu? Itanisaidia nini mimi?"

"Nitakwenda tena kwa mkuu. Nitampigia magoti auondoe mstari ule."

"Watu wameshaushika, Nimi. Utaondoa na vinywani mwao?" Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Yule ndege ningekusamehe. Naapa. Ulikuwa unafanya kazi gizani, ukakosea. Ningekasirika wiki mbili, halafu ningecheka. Mama mwenyewe angecheka, alipenda vichekesho vya kijinga."

"Basi..."

"Lakini leo nilikuwa na furaha. Pale tangini. Mara ya kwanza tangu mama afe nilikuwa na furaha kuhusu mama. Ulijua si kweli, na ukaniacha nifurahi. Ukaniacha nisimame mbele ya ndugu zangu na glasi mkononi."

Nimia alilia, na hakujaribu kuficha.

"Nakupenda, Derlis," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kati yao kulitamka neno hilo, na lilisikika geni, kama la kukopa.

Mkono wa Derlis uliinuka, ukafika karibu na shavu la Nimia, ukashuka.

"Hujala kitu tangu umefika," alisema.

"Sijala."

"Nimeona."

Akafungua geti. Nimia akatoka, akageuka, akasimama barabarani penye vumbi jekundu, uso wake umemwelekea. Kila mara waliposimama hivi alikuwa anajua kinachofuata.

"Nenda," alisema Derlis.

Nimia alisubiri. Huko nyuma uani mtu alikuwa ameanza kukwangua sufuria, mwiko ukiparuza chini pole pole, na harufu ya mahindi yaliyoungua ilifika mpaka getini. Derlis aliisikia pia. Aliinamisha macho, akalishika geti kwa mikono miwili, na hakuongeza neno.